Mizani ya Akili na Amana ya Mwanachuoni

Iko mas-ala moja ambayo vitabu vyetu vimeizungumza katika mlango wa ushahidi na katika mlango wa tiba, lakini haijazungumzwa vya kutosha katika hizi elimu mpya zinazopima akili za watu. Mas-ala yenyewe ni hii: mwanachuoni akisema neno juu ya watu, naye kwa moyo wake anaamini kuwa ni kweli, kisha mtawala akalichukua neno lile akalijengea dhulma, je, mwanachuoni yule amesalimika? Wako wasemao amesalimika, kwani yeye amepima tu, na mwenye kupima halaumiwi kwa yaliyomo ndani ya pishi. Wako wasemao hakusalimika hata kidogo. Sisi tutaitazama mas-ala hii kwa mtu mmoja aliyeishi papa hapa Afrika Mashariki, na ambaye maandishi yake yapo na yasomeka, ili tusije tukasema kwa kudhani.

Mtu huyo ni daktari John Colin Carothers. Alizaliwa mwaka 1903 huko Afrika Kusini, akasomea udaktari Uingereza, na mwaka 1929 akaja Kenya kuwa daktari wa serikali ya kikoloni. Alifanya kazi kama walivyofanya madaktari wenzake wa serikali, mpaka mwaka 1938 alipokabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi, ile hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa mwaka 1910. Alipokabidhiwa hospitali hiyo hakuwa amesomea maradhi ya akili. Nataka msomaji alishike jambo hili, kwani tutalirejea. Alikaa hapo mpaka mwaka 1950, na baadaye akahesabiwa duniani kuwa ndiye mjuzi mkubwa wa akili ya Mwafrika.

Wala hakuikuta Nairobi tupu. Kabla yake, katika Mathari hiyo hiyo, alikuwako daktari H. L. Gordon, ambaye alishikilia kuwa ubongo wa Mwafrika wa Kenya una upungufu wa maumbile, na kwamba kumsomesha kwa mtindo wa Kizungu ni kumtwisha asichoweza. Mwaka 1933 yeye na wenzake waliunda chama Nairobi cha kuchunguza namna ya kutengeneza mbegu za watu. Naam, kama watu wachaguavyo madume ya ng'ombe. Mwenzake, daktari F. W. Vint, akapima bongo za maiti za Waafrika, na mwaka 1934 akaandika kuwa ni nyepesi na ganda lake ni jembamba kuliko la Wazungu. Wakaomba fedha London ili waendelee na utafiti, wasipewe. Hata huko kwao wako waliouliza: uzito wa ubongo unafuata pia mwili na chakula na maradhi, basi mmejuaje kuwa huu ni upungufu wa akili?

Na insafu yatutaka tumtaje mwingine, R. A. C. Oliver, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyeletwa Kenya mwaka 1930 kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Yeye alitunga mitihani ya kupima akili, akawapima wanafunzi wa Kiafrika na wa Kizungu. Waafrika kwa wastani walitoka chini. Lakini Oliver alisema wazi kuwa mitihani ile haiwezi kutenga alichozaliwa nacho mtoto na alicholelewa nacho, basi asitokee mtu akaifanya hukumu ya asili. Alifika mpaka wa elimu yake akasimama. Miaka ile watu waliosimama hapo walikuwa wachache, na wengi hatuyakumbuki majina yao, kwani anayesema "sijui" hapewi gazeti.

Sasa tumtazame Carothers kwa mizani yetu wenyewe, ile ya wanachuoni wa hadithi. Mtu akikuletea khabari humuulizi kwanza kama khabari yake ni tamu au chungu. Humuuliza: umeisikia kwa nani, na yeye aliisikia kwa nani, na je, mlikutana?

Mwaka 1947 alichapisha uchunguzi juu ya wagonjwa wa Kiafrika walioingizwa Mathari kati ya mwaka 1939 na 1943. Alihesabu, akaona ni wachache mno wakilinganishwa na hesabu za Ulaya na Marekani. Akaona pia kuwa waliotoka kwao kwenda kuajiriwa wanaugua zaidi kuliko waliobaki vijijini, na kwamba ugonjwa wa huzuni nzito, ule wa mtu kujilaumu mpaka akataka kufa, ni nadra kabisa. Kwa hayo akatoa sababu: Mwafrika hana nafsi inayosimama peke yake, humtupia mzigo mchawi au jirani, hivyo hajilaumu, na asiyejilaumu haugui huzuni.

Ewe msomaji, wewe mwenye nyumba, niambie. Katika mtaa wako, mwanamke akikaa kimya miezi sita, hali, hasemi na mtu, analia usiku, hupelekwa wapi? Aghlabu hapelekwi popote. Atasomewa, atazinguliwa, atapelekwa kwa mama yake apumzike. Anayepelekwa hospitali ya serikali ni yule aliyechukua panga. Na yule mtu wa kazi aliyeko mjini peke yake, hana mama wala shangazi, akianza kusema ovyo barabarani atachukuliwa na polisi. Basi daktari aliyekaa Mathari hakuhesabu wagonjwa wa Kenya. Alihesabu walioletwa na polisi na wakuu wa wilaya. Isnadi yake imekatika mwanzoni kabisa, naye juu ya kamba hiyo iliyokatika akaning'iniza khabari ya bara zima.

Na kukatika huko kulikuja kudhihirika. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Orley na Wing, walichapisha uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda. Wao hawakungoja watu waletwe hospitali, bali waliwafuata majumbani wakawauliza. Wakakuta huzuni ile ile iliyosemwa kuwa haipo, tena kwa wingi kuliko ilivyokutwa kwa wanawake wa mtaa mmoja wa London.

Turudi nyuma. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Ulimwengu, lililoko Geneva, lilichapisha kitabu cha Carothers juu ya akili ya Mwafrika katika siha na maradhi. Wakati huo alikuwa ameshahamia Uingereza. Kitabu kile kimekusanya mengi yaliyoandikwa na wengine, mengine ya wasafiri, mengine ya wamishonari, mengine ya waajiri, na ndani yake ameliweka neno ambalo limebaki na jina lake mpaka leo: kwamba Mwafrika wa kawaida afanana sana na Mzungu aliyepasuliwa kichwa akakatwa nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo. Aliacha mlango wazi kidogo, kwamba huenda ni maumbile na huenda ni malezi. Lakini nani huuangalia mlango mdogo baada ya kusikia neno kama lile?

Na mwaka 1954 serikali ya Kenya ikamwita. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, vita vya Mau Mau vinawaka, na serikali ilitaka kuambiwa Wakikuyu wana nini. Wao Wakikuyu walikuwa wakisema kwa kinywa kipana kuwa wana jambo la ardhi. Nyanda za juu zilizo nzuri ziliwekwa kando kwa ajili ya Wazungu, na maelfu ya watu wakawa maskwota katika nchi ya babu zao. Carothers akaandika ripoti juu ya nafsi ya Mau Mau. Humo aliitafuta mizizi ya mambo ndani ya vifua vya watu: kwamba Mkikuyu amekwama baina ya ada zake za kale zilizovunjika na mambo ya Kizungu asiyoyamudu, amepoteza wa kumwongoza, amejaa wasiwasi na husuda, na kiapo kimeikamata nafsi hiyo dhaifu. Na katika dawa alizozitaja ni kuwakusanya watu katika vijiji, waishi chini ya uongozi.

Hatusemi kuwa vijiji vile vilitoka katika kalamu yake. Amri ilitoka mwaka huo huo wa 1954 kwa sababu za kivita, nayo ingetoka hata asingeandika. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa wakatiwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye mahandaki na miiba, nyumba zao za zamani zikachomwa. Ripoti ya daktari iliwapa waliofanya hayo kitu kimoja tu, lakini kitu kikubwa. Iliwapa kulala usingizi. Mtu akimhamisha jirani yake kwa ajili ya shamba, dhamiri humsumbua. Akiambiwa na tabibu kuwa anamhamisha kwa matibabu, husema alhamdulillahi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilisema bungeni kwamba inasikitika kwa mateso yaliyotendeka katika kambi za wakati ule, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 waliokuwa wangali hai wakadai. Madaktari hawakutajwa katika hesabu hiyo.

Je, Carothers alikuwa mtu mwovu? Mimi sioni hivyo, na hapa ndipo ilipo tabu ya mas-ala yetu. Katika ripoti ile ile aliitaka serikali iwaache wafanyakazi wa mijini waishi na wake zao na watoto wao, badala ya kupangwa mabwenini kama makuli. Hilo ni neno la mtu mwenye huruma. Lau angekuwa mwovu tungemaliza maneno mapema.

Basi tuseme tunaloliona. Fukaha wetu wamesema kuwa mtu akijitia kutibu na hali hajulikani kwa utabibu, kisha akamdhuru mgonjwa, hulipa, hata kama nia yake ilikuwa njema. Nia njema humwondolea dhambi ya kukusudia, haimwondolei dhamana. Na shahidi kadhalika. Shahidi hapasi kusema "fulani ni mwizi" ikiwa alichokiona ni fulani anatoka dirishani. Atasema alichokiona, akomee hapo. Carothers aliona wendawazimu walioletwa kwake katika jengo moja la Nairobi. Lau angesema hilo tu, angekuwa shahidi mwadilifu. Alisema juu ya wazima asiowaona, kutoka Dakar mpaka Zululandi, na alipoitwa na mwenye nguvu ili aseme juu ya maadui wa mwenye nguvu huyo, hakusema "hili limenizidi". Kwa kadiri ya fahamu yangu, hapo dhamana inamshika. Na inazidi kumshika kwa kuwa alijua ni nani anayemuuliza na kwa nini anauliza. Mufti akiulizwa na sultani juu ya mali ya yatima, hajibu kama aulizwavyo na mwanafunzi msikitini. Wallahu aalam.

Waliomjibu walikuwa Waafrika wenzetu. Daktari Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta, Naijeria, alianza mwaka 1954 hospitali ya Aro katika mji huo huo wa kwao, akiwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani, kila mmoja na jamaa yake wa kumpikia, na akawashirikisha waganga wa kienyeji. Mwaka 1955 aliandika kuyapinga maneno ya Carothers na wa mfano wake. Na ajabu ya Mola, mwaka 1973 Lambo huyo akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika lile lile la Geneva lililokichapisha kitabu kile. Carothers alikuwa yu hai, alikufa mwaka 1989, basi bila shaka aliyaona.

Huenda msomaji wa pwani anasema moyoni: hayo ni ya Wakikuyu na Wazungu, sisi yatuhusu nini? Sisi tuna vitabu, tuna nasaba, tuna misikiti ya mawe.

Na atazame Aljeria. Daktari Frantz Fanon, aliyefanya kazi katika hospitali ya Blida kuanzia mwaka 1953, alimtaja Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961 pamoja na mabwana wa chuo cha Algiers. Mkubwa wao alikuwa Antoine Porot, ambaye tangu mwaka 1918 aliandika juu ya akili ya Muislamu wa Afrika ya Kaskazini kuwa ni ya kitoto, huamini upesi, hukasirika upesi, wala sehemu ya juu ya ubongo wake haiyatawali matendo yake. Hao ni Waarabu na Waberberi, wana wa nchi iliyokuwa na madrasa kabla Paris haijawa na taa za barabarani. Mizani aliyopimiwa Mkikuyu ilikuwa imekwisha kumpima Sharifu, na wote wawili waliandikiwa uzito mmoja.

Na mizani nyingine tulizipokea kwa mikono miwili. Katika Kenya ya kikoloni, kuhesabiwa "mwenyeji" au si mwenyeji kulibadilisha kodi na heshima ya mtu, na wako Waswahili waliohangaika miaka mingi ili waandikwe Waarabu. Unguja, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mgao wa chakula uliendeshwa kwa kabila, na mchele haukuwa wa kila mtu. Mtu alijua asubuhi hiyo kuwa babu yake alitoka Shihr. Sitaki kuwacheka. Njaa ni njaa. Nasema tu kuwa karatasi ile iliyowagawa ilipoondoka, wengi walibaki nayo vichwani.

Tena tusiseme kuwa haya yaliletwa na Wazungu peke yao. Ibn Khaldun, na ukubwa wake wote, aliikataa hadithi ya laana ya Ham, akaibomoa vizuri, halafu yeye mwenyewe akaandika kuwa watu weusi ni wepesi wa akili na wapenda ngoma kwa sababu ya joto la nchi zao. Alipima kwa alichokisikia. Kabla yake kwa zaidi ya miaka 500, al-Jahiz wa Basra alikuwa ameandika risala nzima juu ya fakhari ya weusi kuwapita weupe. Vitabu vyote viwili viko katika maktaba zetu. Sijui kwa nini cha kwanza ndicho kinachonukuliwa barazani.

Nimeandika haya yote kwa sababu ya kijana mmoja. Ni Mkinga wa Ipelele, huko Makete, mkoa wa Njombe. Ukitoka Makambako, pale njia ya Mbeya na reli ya TAZARA zinapopita, unashika njia ya Njombe, kisha unapanda milima mpaka baridi ikuingie mifupani. Watu wa huko hulima viazi na ngano, na Waislamu ni wachache. Kijana huyu alisoma chuoni kwetu pwani miaka sita, akahitimu vizuri, akarudi kwao kusomesha, na sasa amefungua na duka la vifaa Makambako. Alipeleka posa katika nyumba moja ya pwani. Binti ameridhia. Jawabu ya wazee ilikuwa kuwa ni mtu wa bara, hawajui kwao, na mjomba mmoja akaongeza kuwa watu wale akili zao ni za kubeba.

Neno hilo la kubeba lina asili yake, nasi watu wa Tanga tunaijua. Wilaya ya Njombe na jirani zake zilifanywa na wakoloni kuwa ghala la vibarua. Waajiri wa mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha watu, SILABU, mwaka 1944, wakawaleta Wabena na Wakinga kwa malori na treni mpaka mashambani. Wakaitwa manamba, kwa ile namba aliyopewa kila mtu badala ya jina. Sisi wenye miji tuliwaona wamechoka, wamevaa magunia, hawajui Kiswahili vizuri, tukasema: ndivyo walivyo. Tulikaa Mathari yetu tukahesabu walioletwa. Leo mtu akienda Kariakoo, Dar es Salaam, akauliza maduka makubwa mengi ya jumla ni ya nani, ataambiwa ni ya Wakinga. Ubongo wao haukubadilishwa njiani.

Wazee wa binti wamejikinga kwa fiqhi, na fiqhi ijibiwe kwa fiqhi. Ni kweli kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi nasaba imehesabiwa katika kafaa. Lakini kafaa ni haki ya mwanamke na walii wake, wakiiacha ndoa ni sahihi wala hapana dosari, na Imamu Malik aliitazama zaidi dini ya mtu. Bwana Mtume s.a.w. alimshauri Fatma binti Qays, Mkureshi, aolewe na Usama bin Zayd, mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa, na alikuwako mwenye nasaba kubwa aliyemposa. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat hakuna mzee pwani asiyeihifadhi. Kwa hivyo wazee wanayo haki ya kusema hatutaki. Haki wasiyokuwa nayo ni kuliingiza ndani ya sheria lile neno la mjomba. Sheria haikusema hata mara moja kuwa asiye na nasaba kama yako ana akili pungufu. Hilo limetoka pengine, na nimeeleza kwa urefu lilikotoka.

Nilimwandikia baba wa binti haya kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika hapa, nikamwambia kuwa kijana namjua kwa miaka sita, nimekaa naye, nimekula naye, nimemtahini, na kwamba yeye anayemshuhudia kinyume hajapata kumwona ila mara moja, tena mlangoni. Baba alinijibu kwa adabu kuwa atazungumza na ndugu zake baada ya Idi. Kijana naye amekwisha kuambiwa, na yuko Ipelele anangoja.